Mvule wa Kidahwe na Mtu Aliyesimama Chini Yake

Mwanangu Inamahoro,

Salamu tumeshapeana asubuhi ulipoamka, na hali yangu unaijua kuliko daktari, kwa hiyo niingie moja kwa moja. Umekwenda Kibirizi na mama yako Mwajuma kununua dagaa wa safari, nami nimefunga studio mchana kweupe, jambo ambalo watu wa Mwanga hawajalizoea. Jirani yetu fundi cherehani ameshagonga mlango mara mbili kuuliza kama kuna msiba. Nimemwambia bado.

Mambo ya chandarua, sabuni na nani wa kumwamini kwenye nyumba ya kupanga, mama yako ameyamaliza tangu Jumatatu, na mengine ameyarudia mpaka umeziba masikio. Mimi nina jambo moja tu. Kesho unapanda basi kwenda Kasulu, na mwaka mzima kazi yako itakuwa kupiga picha za miti mirefu kwenye misitu ya huko, kwa kamera niliyokupa mimi, kwa namna niliyokufundisha mimi. Kabla hujaenda lazima ujue kwamba baba aliyekuzaa, Melkiori, alikufa kwa sababu ya picha ya mti. Picha hiyo niliipiga mimi. Na nilipopata nafasi ya kumwokoa kwa maneno machache tu, sikuyasema.

Barua yote ni hiyo. Lakini nakuomba uisome mpaka mwisho, halafu uamue mwenyewe kama utaendelea kuniita Baba. Nimeogopa mambo mengi maishani, utayaona humu ndani, ila hakuna nililoliogopa kama hili.

Kwamba hatukukuzaa unajua, hatukukuficha. Unajua kwamba wazazi wako walikuwa Warundi waliokimbia vita, kwamba baba yako alirudishwa kwao asionekane tena, na kwamba mama yako Goreti alikwenda kumtafuta na yeye hakurudi. Yote hayo ni kweli. Tulichokuficha ni cha katikati, na katikati nipo mimi.

Hebu nikueleze ilivyokuwa. Miaka ile Kigoma ilijaa mpaka ukashindwa kujua nani kaja lini. Wengine walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Kongo, wengine walishuka kwa miguu kutoka Burundi na magodoro kichwani. Mimi nilikuwa na studio hii hii, koti hili hili la suti la kuazima wateja, na biashara yangu ilikuwa haijawahi kuchangamka vile. Mtu aliyepoteza kila kitu anataka picha, mwanangu. Usiniulize kwa nini. Nilikuwa nabeba kamera na shuka jeupe naenda kwenye kituo cha kupokelea wakimbizi, si mbali na barabara ya Kasulu, natundika shuka kwenye kamba ya hema, na foleni inafika mpaka kwenye bomba la maji.

Hapo ndipo nilipomjua Melkiori. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa kama miaka thelathini, mrefu, mwembamba, shati lake moja kalifua mpaka limekuwa kama kitambaa cha kuchujia chai. Watoto wa kituoni aliwafundisha hesabu wakiwa wamekaa chini, kwa chaki alizoomba kwa masista. Nilikuwa nachanganya majina ya wateja, maana majina ya Kirundi ni marefu na mimi Kiha changu, lugha ya jirani yake, ni cha sokoni, basi akajitolea kuniandikia. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mpaka nikaona aibu ya wangu. Tukazoeana. Alikuwa ananiita Mzee Yusufu, nami nilikuwa sina hata mvi moja, nikakasirika siku ya kwanza, siku ya pili nikazoea.

Sasa, mwaka huo huo kulikuwa na bwana misitu mmoja, kaletwa kutoka mikoa ya pwani, wa ofisi ya muda ambayo siku hizi haipo tena. Alitaka picha za miti mikubwa iliyobaki kwenye mabonde, mivule hasa, aziweke kwenye taarifa yake. Alinikodi mimi. Niliona ni kazi ya kulala. Mteja hatikisiki, hafumbi macho, haombi apigwe tena!

Lo, nilidhalilika. Filamu ya kwanza niliisafisha, nikampelekea picha zake, akazipanga mezani, akanitazama. Akasema, "Yusufu, hii ni miti au nguzo za simu?" Na kweli. Nilikuwa nimesimama karibu, nikainua kamera juu ili nipate kilele, na kila mti ulikuwa umelala kwa nyuma kama unaanguka. Shina jeusi tii, anga nyeupe pe, katikati hakuna kitu. Filamu ya pili nikarudi mbali, nikapata mti mzima, umenyooka, lakini mdogo kama mchicha. Ule mvule uliopo bondeni nyuma ya Kidahwe, ambao watu watano wakishikana mikono hawauzunguki, kwenye picha yangu ungesema ni mti wa kivuli wa shule.

Nilimlalamikia Melkiori nikiwa nakunja shuka langu. Akacheka. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha Bujumbura, "Mzee, nipeleke niuone huo mti. Mimi nafundisha watoto namba kubwa ambazo hawawezi kuziona. Labda ni shida ile ile."

Hili ndilo kosa la kwanza. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kituoni bila kibali. Yeye alilijua, akaniuliza, "Na kibali?" Nikamjibu, nayakumbuka maneno yangu, "Kibali cha nini, tunarudi kabla ya chakula cha mchana." Mimi mwenyeji, najifanya mkubwa. Akaja.

Tulifika bondeni asubuhi, ukungu haujaondoka. Nikaanza kutega kamera kwa haraka kabla jua halijapanda, yeye akanizuia. Alizunguka ule mti mara tatu, mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Halafu akanambia jambo ambalo mimi nimekwambia wewe mara mia nikijidai ni langu. Alisema, "Mzee, huuoni mti kwa sababu unataka kuuona wote." Akaniambia nilale chali kwenye majani yenye umande, kichwa kimegusa shina, nipige kwenda juu moja kwa moja. Nikalala, nguo zikalowa. Nikaona gamba la mti linavyokimbia kutoka jichoni kwangu mpaka kwenye matawi, na matawi yanavyoacha njia nyembamba za mwanga kati yake na ya miti jirani, kila mti unamheshimu mwenzake usimguse. Nikapiga. Nikasahau hata bwana misitu.

Halafu akasema tupande ule mwinuko wa ng'ambo ya kijito, tuwe sawa na kiuno cha mti, siyo miguuni pake. Tukapanda. Kutoka pale mti ukasimama wima bila kulala. Akasema tungoje wingu lifunike jua, kwa sababu jua likiingia msituni linatia madoa kila mahali na jicho halijui litulie wapi. Tukangoja. Akasema nipige mzizi peke yake, kisha gamba peke yake, kisha pale tawi la kwanza linapoachana na shina, kisha nizibandike pamoja kwenye karatasi moja ndefu, mtazamaji apande mti kwa macho kidogo kidogo. Mtu ambaye hajawahi kushika kamera, Ina! Ukungu, mwinuko, wingu, vipande vya kubandika, yote uliyonisifia kwa wenzako kwamba baba yako fundi, yametoka kwake. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, ila si kwa baba uliyemdhania. Nimekaa na sifa zake kwa miaka yote hii na sikuwahi kumtaja.

Laiti tungefunga kamera tukaondoka.

Lakini nilibakiwa na picha moja kwenye filamu, nami nilikuwa fundi wa studio. Unazijua desturi za kazi yetu za zamani, umeikuta ile simu ya mezani isiyo na waya, maua ya plastiki, redio isiyo na betri. Mteja wa studio hasimami mikono mitupu. Mikono mitupu inamfanya mtu aonekane kama anangoja kufukuzwa. Tangu nijifunze kazi nilifundishwa hivyo, mpe kitu ashike. Basi nikamwambia Melkiori asimame chini ya mvule, watu wapate kipimo cha urefu wake. Akasimama. Mikono mitupu. Ikaniudhi. Nikatazama huku na huku, nikaliona shoka langu nililokuja nalo kukatia vichaka vilivyoziba lenzi. Nikampa.

Alilishika vibaya, kwa vidole, kama chaki. Akaniuliza, "Hili la nini, Mzee?" Nikamwambia, "Pozi tu. Weka begani." Akaliweka. Na kwa kuwa uso wake ulikuwa kivulini, nilichukua lile shuka jeupe nikalitandaza kwenye kichaka mbele yake, mwanga ukarudi usoni. Nilijisikia fundi sana. Nikampiga, uso wazi, kila kitu kinaonekana mpaka kovu dogo la kwenye nyusi ya kushoto.

Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nasema hivyo na najichukia kwa kusema. Mti umepanda mpaka nje ya karatasi, ukungu nyuma, na mtu mdogo chini, anatazama mbele bila wasiwasi. Bwana misitu aliiinua kwa mikono miwili akasema, "Hii sasa ndiyo picha." Nikaondoka nimevimba kichwa.

Sikumuuliza inakwenda wapi. Ndiyo desturi yetu, picha ikishatoka dukani haituhusu. Ikawekwa ukubwa wa ubao, ikatundikwa kwenye mkutano wa wakubwa waliokuwa wanajadili misitu na wakimbizi. Miaka ile kila lililoharibika lilikuwa la mkimbizi, kuni zikiisha ni mkimbizi, kuku akipotea ni mkimbizi. Picha ile bwana misitu aliileta kuonyesha uzuri wa miti iliyobaki. Wenzake hawakuona mti. Mmoja akauliza, "Huyu mwenye shoka ni nani, na anafanya nini nje ya kituo?" Kwa uso ule niliouangazia kwa shuka, haikuchukua siku mbili kumpata.

Bwana misitu mwenyewe ndiye aliyeniletea habari, kaja dukani hapa, jasho linamtoka. Alisema, "Nimejaribu kueleza, hawanisikilizi. Na wewe usijitie. Wewe umepiga picha tu." Nikayapenda maneno hayo. Nilijifunika nayo.

Kesho yake asubuhi akaja Goreti. Mama yako. Ulikuwa mgongoni kwake, una miaka miwili, umelala, mguu mmoja umetoka kwenye kitenge. Alitembea tangu kituoni. Nilikuwa nampiga bibi harusi mtarajiwa, studio ina watu. Akasimama mlangoni akanisalimu kwa Kirundi, "Bwakeye, Mzee," kwa adabu, akangoja nimalize. Nilichelewesha makusudi. Nilimtengeneza yule bibi harusi shela mara nne.

Walipotoka akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, "Wanasema mume wangu amekata miti. Wanamweka kwenye orodha ya kurudishwa. Mzee, twende ukaseme kwamba shoka ni lako, na kwamba wewe ndiye uliyemtoa kituoni. Basi. Watakusikia, wewe ni mwenyeji."

Wewe ni mwenyeji. Sikiliza sasa kilichonipata, siyo kwamba kinanisafisha. Babu yangu mzaa baba alivuka ziwa kutoka upande wa Kongo zamani za Mjerumani, akafia Ujiji, kaburi lake lipo. Hata hivyo mwezi mmoja kabla ya hapo niliitwa ofisi ya uhamiaji nikaulizwa babu alizaliwa wapi, na baba yake babu, na nina karatasi gani. Waha wenyewe wa hapa walikuwa wanaulizwa, sembuse mimi wa Ujiji mwenye damu ya ng'ambo. Nikaona nikienda kusema kwamba nimemtoa mkimbizi kituoni, watanigeukia. Nikajiona mimi ndani ya lori la wanaorudishwa, na Mwajuma yuko peke yake, na studio imefungwa. Yalipita yote kichwani kwa muda wa mtu kupiga chafya.

Nikamwambia, "Kesho, mama. Kesho asubuhi nitakuja na bwana misitu mwenyewe, itakuwa na uzito."

Aliniamini? Sijui. Akashukuru, "Urakoze," akakupandisha mgongoni vizuri, akaondoka.

Kesho yake sikwenda. Nilijifungia kwenye chumba cha giza kusafisha picha za pasipoti ambazo hakuna aliyekuwa anazidai. Nilimwambia mama yako Mwajuma, akija mtu aambiwe nimesafiri. Mwajuma hakujua kinachoendelea, akafanya nilivyomwambia. Goreti alikuja kweli. Nilisikia sauti yake kupitia mlango. Nikasikia Mwajuma anamwambia nimekwenda Uvinza. Na nilikusikia wewe, umeamka, unalia kwa njaa. Nilisimama na mikono ndani ya dawa ya picha mpaka mkaondoka.

Siku iliyofuata ndipo nilipokwenda. Ukiniuliza nini kilibadilika, nilishindwa kula tu. Nilifika kituoni saa tatu. Lori lilikuwa limeondoka alfajiri. Askari wa getini alikuwa mtu mpole, akaniambia, "Umechelewa, mzee wangu," akaninyooshea benchi nikae.

Wiki kadhaa baadaye mtu aliyekuwemo kwenye lori lile akarudi kwa njia za porini. Alisema waliteremshwa mpakani, na ng'ambo kulikuwa na watu wenye silaha wanaita majina. Melkiori alijulikana kwao kwa kuwa alikuwa mwalimu. Alitolewa kwenye mstari, akapelekwa nyuma ya nyumba moja, milio ikasikika. Watu hao walikuwa wa upande gani sijui, nami sitakuzulia. Goreti alikataa kuamini kwa sababu hakuna aliyeuona mwili. Akasema anakwenda mwenyewe.

Akakuleta hapa. Siyo kwa masista, siyo kwa Warundi wenzake. Alikuja akiwa amejua kila kitu, kwamba sikwenda Uvinza wala popote. Mwajuma alimkaribisha ndani, hakuingia. Alikuweka mikononi mwa Mwajuma, halafu akanigeukia mimi. Alisema, "Namwacha kwako kwa sababu najua hutathubutu kumwacha alale njaa." Kisha akakubusu kwenye utosi. Alisema siku nne. Tulimngoja miaka.

Ndivyo ulivyoingia nyumbani mwetu. Sitaki ufikirie kwamba tulikulea kama adhabu. Mwezi wa kwanza ndiyo, kwa upande wangu. Halafu ukaanza kunifuata chumba cha giza, ukashika suruali yangu kwenye ile taa nyekundu, ukaanza kuniita Baba bila kufundishwa na mtu. Nilikupenda, mwanangu. Nakupenda mpaka sasa inaniuma. Na kadiri nilivyokupenda ndivyo ilivyokuwa ngumu kusema, nikaahirisha mpaka umalize darasa la saba, nikaahirisha mpaka umalize sekondari. Mwajuma alijua mwaka wa pili, nilimwambia mwenyewe. Akasema, "Siku ukimwambia mtoto, utamwambia wewe, siyo mimi." Basi usimlaumu yeye. Yeye alisema uongo mmoja mlangoni bila kujua, na amelia kwa ajili yake zaidi ya mimi.

Kuna uongo mwingine, na huu ni wangu peke yangu. Ulipokuwa na miaka saba uliniuliza baba yako wa kwanza alikuwa na sura gani. Ukaniuliza kama kuna picha. Nikakwambia hakuna. Mimi, mpiga picha, niliyepiga watu wote wa kituo kile, nikakutazama machoni nikasema yeye hatukubahatika kumpiga. Uliniuliza tena ulipokuwa na kumi na moja. Uliacha kuuliza baada ya hapo, na siku moja nilikukuta kwenye kioo cha studio unajifunika nusu ya uso kwa mkono, unajaribu kutafuta nusu ipi imetoka kwake. Nilirudi nyuma taratibu usinione. Nilikuwa na negativu yake kwenye kopo la maziwa, juu ya kabati, hatua sita kutoka pale uliposimama.

Niliwahi kujaribu kukuchapia picha yake bila shoka. Nilikata pembeni, nikakata na mti, nikabakiza uso na bega. Ikatoka vizuri. Ningeweza kukupa nikakwambia nimeipata kwa mtu. Nikaitazama nikaona mwanamume anatabasamu hajui analotabasamia, na mimi nimekata sehemu inayonihusu. Niliichana.

Sasa kuhusu kazi yako, maana unakwenda kweli na sina nia ya kukuzuia. Siku hizi malori yameanza tena kupita hapa Mwanga kuelekea Kasulu, umeyaona, watu wapya na magodoro yale yale. Na wewe utakuwa msituni karibu nao. Wanawake watatoka kutafuta kuni, wapende wasipende, chakula hakiivi kwa maneno. Mmoja atapita chini ya mti wako asubuhi, kuna ukungu, mwanga umekaa sawa, na jicho lako litafurahi. Nalijua jicho lako, nimelifundisha mimi. Litasema, hapo sasa.

Sikwambii uweke kamera chini. Picha za miti bila watu nazo zinadanganya, kana kwamba msitu hauna anayeutegemea. Lakini kipimo unaweza kukipata kwa njia nyingine. Egemeza begi lako kwenye shina. Vua kofia uitundike kwenye mzizi. Simama mwenyewe, kamera yako mpya hiyo inajipiga. Ukitaka mtu, mwambie picha inakwenda ofisi gani na nani ataitazama, ajibu yeye, na akikataa usimbembeleze kwa utani kama nilivyozoea mimi. Mpige kwa mgongo kama uso utamponza. Na mikono yake iache ilivyo. Mtu akisimama mikono mitupu chini ya mti, amesimama tu, hangoji studio imtengeneze.

Na ikitokea umekosea, maana utakosea, kazi hii haina asiyekosea, nenda siku hiyo hiyo ukaseme. Mimi picha ile ningeweza kujisamehe. Nilikuwa mjinga, sikuwa mbaya. Ile siku ya chumba cha giza ndiyo siwezi, kwa sababu nilijua vizuri kabisa ninachofanya.

Mama yako alinishauri barua hii niitie katikati ya nguo zako, uisome ukishafika Kasulu, hasira ziishie huko. Anatuonea huruma wote wawili. Nimekataa. Nitakupa mkononi leo, mkirudi tu kutoka Kibirizi, kabla hujavua hata viatu. Ndani ya bahasha kuna picha. Nimeichapa jana, yote, bila kukata chochote. Mti upo, shoka lipo, na chini yake yupo baba yako, na nusu ya uso uliyokuwa unaitafuta ni ya juu, macho na paji. Ya chini ni ya Goreti.

Utakwenda kusoma chumbani kwako. Mimi nitakaa kwenye kiti cha barazani, pale unapolazimika kupita. Sina mahali pa kwenda na sitapatafuta. Ukitaka kupiga kelele, piga, majirani watazoea. Ukitaka kuondoka leo bila kunisemesha, mama yako atakusindikiza stendi na mimi nitabaki. Na ukitoka ukaniita Yusufu, nitaitika.

Aliyekulea,
Yusufu